Pete ya Ndege: Metali ya Vita na Maneno Yanayoandamana Nayo



Nilipoalikwa kutoa mhadhara huu nadhani nilitarajiwa kuzungumzia istilahi, au bahari za ushairi, au mojawapo ya mambo ambayo idara zetu zimezoea kuyajadili. Badala yake nimekuja na pete. Iko hapa mezani, ndani ya kijaluba alichokuwa akiiwekea mama yangu mkubwa. Ni nyepesi mno kuwa ya fedha, na ni ngumu mno kuwa ya bati. Imetengenezwa kwa alumini, ikasuguliwa kwa tupa, na juu yake, kwa mkono usiozoea kunakshi, pamechorwa neno BURMA na mwaka 1944.

Ilikuwa ya baba yangu mkubwa, aliyekuwa askari wa KAR katika Vita Vikuu vya Pili. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliyemuuliza habari za pete ile alijibiwa kwa sentensi mbili, daima zile zile: “Hii ni pete ya ndege. Alianguka, tukamkuta.” Hakuongeza neno. Sisi watoto tuliigeuzageuza pete hiyo tukitafuta picha ya ndege, mwenye mbawa na mdomo, na tulipoikosa tukaamini kwamba imefutika kwa kuvaliwa.

Leo nataka kutetea dai moja tu. Kifaa cha namna hii, yaani kitu kidogo kilichotengenezwa vitani kwa metali ya chombo kilichoanguka, ni nusu metali na nusu maneno. Metali huhifadhiwa, maana haiozi. Maneno hayahifadhiwi, na sisi wenye taaluma ya lugha ndio tuliopaswa kuyahifadhi.

Tuanze na metali yenyewe. Alumini tupu ni laini, haifai kuunda chombo cha kuruka. Mwaka 1906, huko Ujerumani, Alfred Wilm alichanganya alumini na shaba kiasi cha asilimia 4, pamoja na magnesi kidogo. Aliipasha moto, akaizima ghafla majini, kisha akagundua kwamba kwa muda wa siku kadhaa mchanganyiko huo uliendelea kuwa mgumu wenyewe, bila kuguswa. Wahunzi wetu, ambao wametia chuma matiko tangu enzi na enzi, wangestaajabu kuona matiko yanayofanya kazi fundi akiwa amelala. Metali hiyo iliitwa duralumini, na miongoni mwa waliofaidi uvumbuzi huo mapema ni waundaji wa meli za angani za Zeppelin, zilizokwenda kuipiga London kwa mabomu wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba 1916, rubani Mwingereza aitwaye William Leefe Robinson aliiangusha mojawapo ya meli hizo katika kijiji cha Cuffley, kaskazini mwa London. Watu wote 16 waliokuwamo walikufa. Asubuhi maelfu ya watu walikwenda kuona mabaki. Serikali ikawapa Msalaba Mwekundu wa Uingereza nyaya zilizosalia, nao wakazikata vipande vidogo wakaviuza ili kuwasaidia majeruhi. Vipande hivyo vilijulikana, na hadi leo vinajulikana kwa wakusanyaji wa vitu vya kale, kuwa ni waya wa Zeppelin. Lakini chombo kilichoanguka Cuffley hakikuwa Zeppelin. Kilikuwa SL 11, cha kampuni shindani ya Schütte-Lanz, na mifupa yake ilikuwa ya mbao! Ndiyo sababu palibaki nyaya tu za kuuza. Waya ulikuwa wa kweli na vifo vilikuwa vya kweli. Kilichokosewa ni jina.

Wiki tatu baadaye Zeppelin hasa, L 33, ilitua kwa kuumia katika kijiji cha Little Wigborough, Essex. Mabaharia wake 22 walinusurika, wakaitia moto wenyewe, lakini mifupa yake ya duralumini ilibaki imesimama. Ilichunguzwa na wahandisi, na vipande vyake vikageuzwa kuwa mapambo na vikumbusho. Mtoto wa kike aliyezaliwa jirani usiku huo alipewa jina lililotokana na jina la chombo hicho. Kwangu mimi huyo naye ni kikumbusho kilichoundwa kwa mabaki ya ndege, ila yeye ameundwa kwa nusu ile ya pili, nusu ya maneno.

Msikilizaji atauliza: haya ya Essex yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa karibu kuliko tunavyodhani, kwa kuwa mojawapo ya meli hizo za duralumini ilitumwa kwetu. Tarehe 21 Novemba 1917, L 59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 226 na shehena ya kiasi cha tani 15 za risasi, dawa na mahitaji mengine. Ilikuwa inakwenda kwa jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck, lililokuwa limebanwa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Ilivuka Bahari ya Kati, ikavuka jangwa la Misri, na tarehe 23, ikiwa juu ya Sudan, ikaitwa kwa simu ya upepo irudi. Ilitua Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 angani na safari ya kilomita 6,757. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Kinachonivutia si safari hiyo, ingawa ni ya ajabu, bali mpango uliotangulia. Meli hiyo haikutazamiwa kurudi Ulaya. Ilikusudiwa ichinjwe kama ng'ombe, kusibaki hata kwato: kitambaa chake kishonwe mahema na nguo, vifuko vyake vya gesi vitoe vitambaa vya kufungia vidonda, na mifupa yake ya duralumini itumike kwa ujenzi. Hebu fikirini, wanafunzi wangu, kama ingefika. Mafundi wa kusini wangekata metali hiyo, wakaifua, na hapana shaka wangeipa jina. Pengine kamusi zetu zingekuwa na neno moja zaidi.

Haikufika. Na ndege zilizofika katika vita hivyo hazikuwa na metali ya kutosha kumfaa mhunzi. Zile zilizoisaka manowari Königsberg katika delta ya Rufiji, kuanzia mwisho wa mwaka 1914 hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, zilikuwa za mbao na kitambaa, na joto na unyevu wa pwani uliziharibu kabla ya risasi kuzifikia. Metali ya vita iliyobaki mikononi mwa watu wa hapa ilitoka kwingine: katika mizinga ya Königsberg, iliyoopolewa ikatengenezewa magurudumu katika karakana za Dar es Salaam, na ambao mmoja wake uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo, na katika maganda ya shaba.

Maganda hayo ndiyo yaliyotuachia neno. Mwaka 1916, sarafu zilipoadimika kwa sababu bahari ilikuwa imefungwa na adui, Wajerumani waliweka mtambo wa kugonga sarafu katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora. Kwa dhahabu waligonga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo leo hutafutwa na matajiri. Kwa shaba nyekundu na shaba njano waligonga heller, na sehemu ya shaba hiyo ilitoka katika maganda ya mizinga yaliyokwisha kufyatuliwa. Baada ya miezi michache Tabora ilitekwa na sarafu hizo zikapoteza thamani. Lakini mwenye duka akikwambia leo kwamba hana hela ya kurudisha chenji, anatumia jina la sarafu ile. Sisemi kwamba neno *hela* lilizaliwa Lulanguru. Heller zilikuwapo tangu mwaka 1904, na neno lilikuwa limekwisha enea. Ninachosema ni kwamba kwa muda mfupi neno hilo lilibebwa na ganda la mzinga, kisha likaliacha ganda likaendelea na safari yake peke yake, nasi tunalitamka bila kusikia mlio wowote.

Kiswahili kimejaa maneno yaliyoachana na metali zake. *Risasi* kwa asili, katika Kiarabu, ni madini ile laini na nzito. Kwetu ni madini hiyo na pia ni kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki, na kijana wa leo hujua maana ya pili kabla ya ya kwanza. *Sufuria* imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya shaba. Zamani chombo hicho kilikuwa cha shaba kweli. Leo karibu kila sufuria sokoni ni ya alumini, na hakuna mama anayeona kosa lolote.

Kwa kuwa nimeitaja sufuria, niruhusuni nikae nayo kidogo. Mwezi Julai 1940, Uingereza ikiwa hatarini kuvamiwa, waziri wa utengenezaji wa ndege, Lord Beaverbrook, aliwaomba wanawake wa nchi yake watoe vyombo vyao vya alumini ili vigeuzwe ndege za vita. Wakavitoa kwa marundo. Vita vilipokwisha njia ikageuka: alumini ya viwanda vya ndege ikatumika kujengea nyumba za muda, na zaidi ya nyumba 54,000 za namna hiyo zilitengenezwa kwa waliobomolewa makazi. Huku na kule metali ikarudi jikoni. Fundi wa Gerezani au wa Gikomba anayeyeyusha pistoni kuukuu na kuisubu katika kalibu ya mchanga ili atoe sufuria, yumo katika mkondo huo huo.

Mahali ambapo mkondo huo ulionekana wazi kuliko pote ni Vietnam na Laos. Ndege za kwanza za Marekani kuangushwa juu ya Vietnam ya Kaskazini ziliangushwa tarehe 5 Agosti 1964, na kwa miaka minane iliyofuata metali ilishuka kutoka angani kama mvua isiyotakiwa. Wanajeshi wa Vietnam walichana alumini hiyo wakatengeneza vitana. Kitana kinataka subira: jino moja baada ya jino moja, kwa msumeno mdogo na tupa, nao walikuwa na saa nyingi za kungoja. Walichora juu yake ua, au njiwa, au jina la msichana aliyeachwa nyumbani, na mara nyingine tarehe. Pete pia zilitengenezwa, na wageni waliofika Hanoi kuonyesha kwamba wanapinga vita walipewa kama zawadi. Katika ziwa dogo la Huu Tiep, katikati ya mitaa ya Hanoi, mabaki ya ndege kubwa ya B-52 iliyoangushwa Desemba 1972 yameachwa majini mpaka leo, na watu hupita kando yake wakienda sokoni.

Tazameni jinsi maneno yanavyobadili kitu kile kile. Metali iliyotoka katika bawa moja ingeweza kuwa kitana na pete. Kitana chenye jina la msichana ni barua ya mapenzi. Pete iliyowekwa katika kiganja cha mgeni ni hoja ya kisiasa. Maabara ikivipima itatoa jibu moja kwa vyote viwili.

Huko Laos jambo lilikuwa zito zaidi. Kati ya mwaka 1964 na 1973 nchi hiyo ilidondoshewa zaidi ya tani milioni 2 za mabomu. Katika kijiji cha Ban Naphia, mkoani Xieng Khouang, wanakijiji walijifunza kuyeyusha alumini ya mabaki ya mabomu, ya vibebeo vya mianga na ya ndege, na kuimimina katika kalibu za mbao na majivu wakatoa vijiko. Vijiko hivyo vimeuzwa katika migahawa ya mkoa mzima, na baadaye wakaongeza bangili kwa ajili ya watalii. Mtalii anaponunua bangili hufurahi kwamba bomu limegeuzwa pambo. Hukosa kuambiwa kwamba mabomu mengi hayakulipuka, na kwamba tangu vita vikome zaidi ya watu 20,000 wameuawa au kujeruhiwa na masalia hayo, baadhi yao wakiwa katika kuokota chuma cha kuuza. Karatasi ndogo iliyofungwa kwenye bangili haina nafasi ya maneno hayo.

Sasa nirudi kwetu, na katika kazi yetu. Kifaa cha namna hii tukiite nini kwa Kiswahili? Makumbusho zetu zimezoea *ukumbusho*, na kwa uundaji wake neno hilo ni zuri: ni kile kinachomkumbusha mtu. Lakini linaficha swali la nani anakumbushwa nini. Tunayo maneno mengine, na kila moja linachukua upande. *Nyara* na *ngawira* ni mali ya adui aliyeshindwa. (Kwa bahati mbaya siku hizi neno nyara likikaribiana na ndege, mawazo ya msikilizaji hukimbilia kwa watekaji wa abiria.) *Tunu* ni kitu adimu anachorudi nacho msafiri ili kumpendeza aliyebaki. *Masalia* hayana upande. Ni yaliyosalia tu. Anayeandika kibandiko cha kabati la kioo akichagua mojawapo ya maneno haya, amekwisha hukumu kesi.

Miaka kadhaa iliyopita niliipeleka pete hii katika jumba moja la makumbusho. Fomu ilikuwa na safu ya jina la kifaa na safu ya asili yake. Kijana aliyenipokea, mwenye adabu na bidii, aliniuliza habari zake, nami nikasema kama tulivyosema nyumbani miaka yote: imetokana na ndege ya Mjapani. Akaandika: “Nyara ya vita, Japani.” Nilitia saini. Nilipofika kituo cha basi nikagundua kwamba nimesema uongo.

Baba mkubwa hakutaja Mjapani hata siku moja. Mjapani tulimwongeza sisi, kama watu wa London walivyoiongeza Zeppelin. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944, katika mvua na matope, hadi kuuvuka mto Chindwin mwezi Desemba, walilishwa kwa kiasi kikubwa kutoka angani. Ndege za Waingereza na Wamarekani ziliruka chini kati ya milima yenye mawingu ili kuwadondoshea chakula na risasi, na baadhi hazikurudi. Ndege aliyoikuta baba mkubwa yawezekana ilikuwa ya adui. Yawezekana vile vile ilikuwa imewaletea unga. Mwenzangu wa kemia amenieleza kwamba kipimo kingeonyesha alumini yenye shaba kidogo, na aloi za namna hiyo zilitumiwa na pande zote mbili.

Tumebakiwa na sentensi mbili, na hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kukunja mikono ya kanzu. *Ndege* mwenye mbawa ni wa ngeli ya viumbe: ndege huyu ameanguka. *Ndege* ya rubani ni ya ngeli nyingine: ndege hii imeanguka. Baba mkubwa alijua tofauti hiyo kama sisi sote. Nilimsikia akisema ndege ya Dar es Salaam imechelewa. Lakini kuhusu pete hakusema *ilianguka, tukaikuta*. Alisema *alianguka, tukamkuta*. Utotoni tulidhani ni kiumbe mwenye manyoya. Nilipokuwa mwanafunzi wa isimu niliamua kwamba ni lahaja, au mazoea ya kambini ya kukipa chombo uhai, na nilijivunia maelezo hayo. Ilinichukua muda mrefu, na kifo chake, kufikiria maelezo mepesi kuliko yote, kwamba kiambishi kile *-m-* hakikurejelea ndege hata kidogo.

Walimkuta mtu.

Sina namna ya kulithibitisha hilo mbele ya kikao cha wasomi. Naweza kusema tu kwamba ndivyo sarufi inavyoruhusu, na kwamba mzee aliyekuwa mcheshi katika mambo mengine yote hakucheka kamwe alipoyatamka maneno hayo. Kama nimesikia sawasawa, basi *nyara* si jina la kitu hiki hata kama aliyekufa alikuwa adui.

Wanafunzi wangu, magazeti ya zama zile, *Mambo Leo* lililoanza mwaka 1923 na *Baraza* lililoanza mwaka 1939, yamo katika hifadhi na yanangoja wasomaji. Askari wa Burma wamekwisha tutoka karibu wote, lakini wajane na watoto wao wapo, na katika masanduku yao mna pete, viko, vibweta na vijiko. Wapo pia wazee wa Kagera waliokuwapo ndege za vita zilipoangushwa huko mwaka 1978. Mwendapo kuwauliza, msirudi na picha ya kifaa peke yake. Andikeni sentensi kama ilivyotamkwa, pamoja na viambishi vyake vyote, hata vile mnavyodhani ni makosa. Hasa vile mnavyodhani ni makosa.

Mimi nilirudi kwenye jumba lile la makumbusho nikaomba pete yangu na fomu yangu. Kijana yule hakukasirika. Tulikata maneno yake manne kwa kalamu nyekundu, na katika safu ya asili tukaandika maneno ya baba mkubwa kama alivyoyasema. Safu ya jina la kifaa tuliiacha “Pete ya ndege”. Akaniuliza kama aongeze, kwa manufaa ya wasomaji, ni ndege yupi au ndege ipi. Nikamwambia asiongeze. Pete imeazimwa leo kwa ajili yenu na kesho asubuhi inarudi kabatini. Wanaotaka kuishika waje mbele, ila naomba waishike kwa zamu.